Kwa Nini Mgeni wa Wakwese Hupita Topeni

Zamani zile, nyani walipokuwa wengi kuliko watu katika mlima huu wa Lukwese, mgeni hakukanyaga tope. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yetu sisi Wakwese. Majaruba yetu ya mpunga yalipanda mlima kama ngazi, kila moja likishikiliwa na tuta la udongo. Wenyewe tulipita majini, tope hadi magotini. Mgeni tulimpitisha juu ya tuta ili asichafuke. Ujinga mtupu, lakini tuliuita adabu.

Basi Lubango, mtemi wa bondeni, akasikia kwamba huku juu kuna kabila dogo linalolima mpunga mlimani. Hakuwa na shida nasi wala hakuleta neno. Alitaka kututazama tu. Akaja amebebwa kwenye machela na wanaume wanne, mapande ya watu, na nyuma yake wapambe wakicheka ufupi wetu.

Jaruba la juu kabisa lilikuwa la Namsongo, mjane mwenye watoto watatu. Mbegu yake yote ilikuwa imekwisha kuwa miche, na miche yote alikuwa ameipandikiza juzi. Nyumbani hakikubaki hata kibaba. Alipoona machela inaelekea kwenye tuta lake, alikimbia akasimama mbele.

"Mtemi, nakuomba ushuke upite majini. Tuta hili nimelikandika leo asubuhi, bado bichi."

"Toka hapo, we mwanamke!" akafoka Kisoma, mkuu wa kijiji chetu. "Unatutia aibu mbele ya wageni."

Akasukumwa kando. Na wazee wetu, Mungu awasamehe maana mimi siwezi, wakasimama pale wakitabasamu.

Tuta likakatika. Wabebaji waliwahi kuruka na machela yao, lakini maji yaliporomoka hadi korongoni, na miche yote ikaenda nayo. Lubango akapiga makofi. Alidhani tumemwandalia tamasha.

"Inapendeza!" akasema. "Hebu fungueni na jingine."

Namsongo akamshika mguu, akamvuta kutoka kwenye machela, akamwangusha katika tope la jaruba lililobaki tupu. Safari hii hakuna aliyethubutu kumgusa, hata Kisoma.

"Haya, tazama," akamwambia. "Hicho unachokikalia ndicho kilikuwa chakula cha wanangu."

Lubango alijifuta, akaondoka bila kuomba radhi. Tulimgawia Namsongo tulichokuwa nacho, nacho hakikutosha. Mtoto wake wa mwisho hakuyaona mavuno.

Na tangu siku hiyo, kwa Wakwese mgeni huvua viatu chini ya mlima na kupanda akipita topeni, awe mtemi au mwenye kamera. Asiyetaka tunamwonyesha njia ya kushukia. Huko bondeni wanasema watu wa Lukwese wana roho mbaya, hawajui kupokea wageni. Waseme. Tuta la Namsongo halijakatika tena.