Mtoto wa Taveta

"Ukiitika kama mwana, usiage kama mgeni." Jana kwenye mazoezi mlimsikia Namkunda akimwambia mwenzenu maneno hayo, nanyi mkaguna kama watu waliopewa dawa chungu. Leo mmekuja kuuliza maana. Maana peke yake haitawafaa kitu. Kaeni niwape na chanzo.

Miaka hiyo kikundi hiki cha maigizo ndio kwanza kimeundwa, nusu watu wa Taveta, Kenya, nusu watu wa Mwanga, Tanzania. Hawakuwa na mchezo ulioandikwa. Walifika kijijini, wakauliza watu nini kinawasumbua, kisha wakaigiza hapo hapo, papo kwa papo. Mtazamaji aliyetaka kuingia mchezoni alipiga makofi matatu, akapishwa. Na sheria ilikuwa moja tu: pokea, uongeze. Mwenzako akikwambia wewe ni mbuzi, usibishe, tafuta majani.

Hakuna aliyeishika sheria hiyo kama Righa, kijana wa Kitaita kutoka Taveta. Alikuwa mwepesi wa ulimi na mwepesi wa machozi, na alijijua. Sifa alizipenda, na nani hazipendi? Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, akalelewa na shangazi. Hilo hakupenda kulizungumza.

Siku moja walikwenda kijiji kimoja kando ya Ziwa Jipe, upande wa Tanzania. Wenyeji wakasema kinachowauma ni vijana wao wanaovuka mpaka kutafuta kazi, wasirudi wala kuleta salamu. Righa akajifanya ndiye kijana huyo. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa ofisi ya kijiji, anaangaza huku na huku, mara yakasikika makofi matatu. Mama mmoja akaingia, kanga mabegani, akamshika mikono yote miwili.

"Mbonea mwanangu, umerudi."

Wenyeji walijua asilolijua Righa. Mbonea alikuwa mtoto wa pekee wa mama yule. Miaka tisa nyuma alivuka kwenda kwenye mashamba ya mkonge, na tangu hapo hakuna aliyemtia machoni. Righa aliutazama uso ule, akahisi kuna jambo. Lakini sheria ni sheria, akapokea.

"Nimerudi, mama." Kisha akaongeza, "Na siondoki tena."

Watu walilia, wazee kwa vijana. Mchezo ulipokwisha, Mama Mbonea akamchukua Righa nyumbani kwake, akampakulia makande, akawa anamwita Mbonea naye anaitika. Namkunda, aliyekuwa kiongozi wao, akamvuta kando.

"Mwambie jina lako, Righa. Mchezo umekwisha."

"Nimvunje moyo na chakula chake kiko mkononi? Ataelewa mwenyewe, dada."

Ukweli ni kwamba aliona raha. Hakuwahi kupakuliwa chakula na mtu anayemwita mwanangu.

Wakarudi kijijini mara tatu zaidi, na kila mara makande yalikuwa tayari. Mara ya pili mama alimwonyesha bati lililotoboka juu ya kitanda chake, akamwambia mvua ikinyesha yeye hulala amekaa. Righa akasema ataliziba. Mara ya tatu mama alimpa shati la Mbonea, limepigwa pasi, naye akalivaa. Bati hakuligusa, maana gari lilikuwa na haraka.

Safari ya mwisho ikafika, mradi uliolipia safari zao umefungwa. Njiani Righa alijipangia maneno, akaona safari hii aseme kweli kama mtu mzima. Akamkuta mama anachochea kuni, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama, mimi ni Righa, mtu wa Taveta. Yale yalikuwa maigizo tu. Leo tunamaliza kazi, nimekuja kukushukuru kwa ukarimu wako. Kwaheri."

Mama hakushtuka. Alisukuma ukuni, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Najua, baba. Nilijua tangu siku ile. Mbonea wangu alikuwa mashoto, wewe unakula kwa mkono wa kulia. Mimi si mwendawazimu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini, na wewe umeitika? Ungenikataa siku ile ningerudi kukaa, nikaendelea kumngoja mtoto wangu kama nilivyozoea. Nilikuwa nimeshazoea. Lakini ulisema huondoki. Sikukuomba useme hivyo, uliongeza mwenyewe." Akamtazama. "Sasa umeniachia kungoja watu wawili."

Dereva akapiga honi. Yule bingwa wa papo kwa papo akaangalia gari. Alipogeuka, mama akasema nyuma yake, taratibu, "Ukiitika kama mwana, usiage kama mgeni."

Righa alikusudia kurudi wiki iliyofuata. Kisha aibu ikamfungia njia, na aibu ikikaa sana huota mizizi. Ilipita miezi minane. Siku aliyopata moyo alivuka mpaka peke yake, amevaa shati la Mbonea, amebeba bati jipya na misumari. Akakuta mlango umefungwa kwa kamba. Jirani, Mzee Kiangi, akatoka, akalitazama lile shati.

"Wewe ndiye mtoto wa Taveta?"

"Mama yuko wapi, mzee?"

"Tumemzika wiki tatu sasa. Kifua, mvua za masika. Alituambia ana mtoto Taveta, ndiye atakayetupa udongo wa kwanza. Hatukujua tukutafute wapi. Tukakungoja pale kaburini tangu saa nane mpaka jua likawa linazama, mchungaji akasema basi."

Righa aliazima ngazi kwa Mzee Kiangi, akapanda, akaziba paa juu ya kitanda kisicho na mtu. Kisha akaenda kaburini, akachota udongo, akautupia juu ya udongo uliokwisha kukauka. Akasema, "Nimerudi, mama," na hakukuwa na wa kupokea.

Kesho nanyi mnavuka. Sheria yetu haijabadilika. Atakayepiga makofi matatu, mpisheni, na neno atakalowapa mlipokee. Lakini kabla hujaongeza la kwako, jiulize kama bati utaliziba. Ukiitika kama mwana, usiage kama mgeni.