Kwa Nini Mtoto wa Mbawala Halii

Kulikuwa na wakati nyika hii ilikuwa na kelele. Nyika hii hii mnayoiona huku chini ya mlima, ambayo leo mtu anaweza kuikata kutwa nzima asisikie ila upepo na kwale wawili watatu. Wakati huo watoto wa mbawala walikuwa wakilia. Mtoto akiona njaa, analia. Akizinduka asimwone mama yake, analia. Nzi akimtua puani, analia vilevile, na mama yake popote alipo huacha majani mdomoni akaja mbio. Wanawake waliokwenda mtoni walikwisha kuzizoea sauti zile. Walikuwa wakiinama kuchota maji huku wakiambiana, huyo ana njaa, huyo anadeka tu.

Mimi sikuwapo, kwa hiyo msinihoji. Habari hii niliipata kwa shangazi yangu, mwanamke mkali asiyependa hadithi, na alinisimulia mara moja tu, akiwa anapukuchua mahindi bila kuinua macho. Nilipomwomba arudie, alisema mahindi hayajaisha.

Basi, mavuno yalipokwisha na kipupwe kuingia, watu wa hapa walikuwa na desturi yao. Kila baada ya siku ya gulio walifunga kazi siku mbili. Hakuna jembe, hakuna kujenga. Kila nyumba ilibeba sufuria na unga wake, ikashuka nyikani na watoto, ikajenga kibanda cha majani kando ya kijito. Wanaume waliwinda, wanawake walitafuta mboga za porini na dawa za mizizi, watoto walichafuka wapendavyo. Hewa ilikuwa baridi asubuhi, watu waliota moto mmoja wakatazamana usoni, maana msimu wote wa kilimo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtazama mwenzake. Wengi walisema siku mbili hizo ndizo zilizokuwa zikiwafanya wawe na familia.

Katika watu hao alikuwamo Mhando, na mkewe Mkunde, na binti yao Mboni. Walijaliwa mtoto huyo mmoja. Wakati huo wanaume waliwachukua wavulana kuwinda, na Mhando hakuwa na mvulana, basi akamchukua binti. Watu walimcheka kidogo, hakujali. Alimchongea upinde mdogo usioweza kumuua hata panya, akamfundisha kutembea bila kuvunja kijiti, kunusa upepo unatoka wapi, kujua kinyesi cha leo na cha juzi. Alimpenda. Nataka mlishike hilo, kwa sababu mbele ya safari mtaona kama hakumpenda, nanyi mtakuwa mmekosea.

Ila Mhando hakuwa mwindaji hodari. Macho yake yalikuwa mazuri na mkono ulikuwa mzuri, subira ndiyo iliyompiga chenga. Mara nyingi alirudi kibandani na ndege mmoja, wakati wenzake wanachuna swala.

Mboni alipokuwa na miaka sita, alikaa kichakani akimngoja baba yake, akachoka kukaa kimya, akaanza kucheza na sauti. Aliiga mtoto wa mbawala. Alizisikia sauti zile tangu azaliwe, na koo lake lilikuwa laini, basi ilitoka yenyewe hasa. Hakumaliza mara ya tatu kabla jike la mbawala halijatokea, likasimama mbele yake hatua tano, masikio yamesimama, likimtafuta mtoto anayelia. Mhando alikuwa nyuma yake. Akafyatua mshale.

Siku hiyo walikula nyama mpaka majirani wakaitwa. Ini, ambalo ni haki ya mwindaji, Mhando alimkatia mwanawe mbele ya watu wote, akasema, "Aliyewinda ni huyu. Mimi nilibeba tu." Mboni alikula ini lile akiwa amevimba kichwa kwa furaha. Lakini alikuwa ameona kiwele cha yule jike kikidondosha maziwa mchangani. Na walipokuwa wanabeba mzigo wao kurudi, ng'ambo ya kijito alisikia mtoto wa mbawala akilia.

"Baba, yule anamwita nani?"

"Twende," Mhando alisema. "Baridi inaingia."

Tangu hapo ikawa ndiyo njia yao. Mboni aliingia kichakani akalia, naye Mhando alikaa mbali juu ya kichuguu, upande ambao harufu yake haiwezi kumfikia mnyama. Jike likishatokea, Mhando huteremka akatambaa polepole hadi pa kulenga, maana mbawala anayemtafuta mtoto hana habari na kitu kingine. Ili mambo yaende sawa, Mhando alimwekea binti yake sharti moja.

"Ukishaanza kulia, mimi sijitikisi," alimwambia. "Hata ulie vipi, siji. Nikija nitamfukuza mnyama, tutalala njaa. Wewe lia tu mpaka usikie mshale."

Mkunde aliyasikia hayo akiwa anakoroga uji. Akaweka mwiko chini.

"Na siku akilia kweli, Baba Mboni, utajuaje?"

Mhando akacheka. "Mwanangu huyu. Nitakosaje kumjua?"

Na kweli, ungeweza kumbishia? Mzazi gani hajui kilio cha mwanawe? Hata mimi, kabla shangazi hajanisimulia, ningeapa kwamba wangu nawajua.

Ikapita misimu mitatu. Mhando sasa alikuwa mtu wa kusifiwa. Mizigo yake ilikuwa mizito, watu walikuja kumwomba paja, naye aligawa bila uchoyo. Waliomcheka kwa kumchukua binti sasa walimpa shikamoo, hata wasiotakiwa kumwamkia. Wakati huohuo nyika ilianza kupungua sauti. Wanawake mtoni walisema mwaka huu watoto wa mbawala wanalia sana, kisha wananyamaza ghafla. Mboni alijua kwa nini wananyamaza. Alikuwa na miaka tisa, na usiku mwingine mama yake alimkuta amejiziba masikio kwa viganja.

Kipupwe cha mwaka wa nne, ndugu yake Mhando alikuwa anaoa, na wakwe walikuwa wanakuja. Mhando aliahidi nyama. Aliahidi mbele ya watu, kwa sauti, mkono kifuani. Asubuhi ya siku ya kwanza nyikani, Mboni alikataa. Hakulia wala hakununa, alisema tu kwamba leo hataki kuita, angependa waende pamoja kutafuta asali.

"Mara moja tu," Mhando alisema. "Hii ya wakwe. Halafu basi, sitakuomba tena."

"Kweli, Baba?"

"Kweli."

Nami nasema alikuwa anasema kweli. Kijito kilikuwa na maji ya baridi, akambeba mabegani ingawa alikuwa mkubwa, miguu yake mirefu ikining'inia hadi kiunoni mwa baba. Walivuka wakicheka. Akamweka ukingoni pa kichaka kinene, akamrekebishia nguo shingoni, akaenda zake kwenye kichuguu.

Mboni aliingia ndani, akapiga magoti, akaweka mkono chini ili akae. Chini ya majani makavu alikuwapo kifutu, nyoka mnene mzito ambaye hamkimbii mtu. Akamuuma mkononi, na Mboni akashindwa kuinuka.

Mhando kwenye kichuguu akasikia kilio. Pale alipokuwa, sauti ilifika, lakini maneno yaliyokuwa ndani ya sauti hayakufika. Kilikuwa kilio kikubwa, kimekatikakatika, chenye uchungu kuliko vyote alivyowahi kusikia kwa mtoto huyo. Akatabasamu. Shangazi yangu alipofika hapa aliacha kupukuchua, akasema, usiwafiche watu hilo, alitabasamu. Moyoni alisema, leo amepatia. Akaweka mshale kwenye uzi, akangoja.

Kibandani, mbali kule, Mkunde alikuwa na mzizi wa dawa ya nyoka umefungwa kwenye pindo la kanga. Kila mama wa hapa alikuwa nao. Ukitafunwa na kubandikwa mapema, aliyeumwa hupona. Ukichelewa ni mzizi tu.

Jua lilipanda. Kilio kikaendelea, kikashuka, kikapanda tena. Mhando hakujitikisa. Yeye ambaye maisha yake yote hakuwa na subira, siku hiyo aliipata, akajisifu kwa kuipata. Akaona jinsi mtoto wake anavyoiendeleza kazi bila kuchoka, akawaza kwamba kesho atamtafutia asali mzinga mzima.

Hatimaye jike la mbawala likatokea, limetoka mbali, mbavu zinapwita. Liliingia kichakani moja kwa moja bila kunusa upepo. Mhando akateremka, akatambaa. Alipofika pa kulenga, kilio kilikuwa kimekuwa mguno tu. Aliliona jike kupitia uwazi wa matawi. Limeinamisha kichwa linalamba kitu chini, linalamba na kulamba, na halikuinua kichwa hata kijiti kilipovunjika chini ya goti la Mhando. Akaona ajabu kidogo. Akafyatua.

Alikimbia akipiga kelele za furaha, akimwita binti yake kwa jina la utani. Jike lilikuwa limeanguka upande mmoja, na upande wa pili alikuwa Mboni, mkono umevimba hadi begani, midomo imebadilika rangi, uso umelowa kwa ulimi wa mnyama. Macho yalikuwa bado wazi. Alimwona baba yake.

"Baba," alisema, "nilikuita."

Mhando alipiga magoti. Angeweza kusema mengine. Lakini hakuwahi kumdanganya mtoto huyo.

"Nilikusikia," alisema. "Nilikusikia, mwanangu."

Alimbeba mbio, akavuka kijito bila kuona maji. Mkunde alimwona akija kwa mbali, akafungua pindo la kanga akiwa tayari anakimbia, akautafuna mzizi akiwa anakimbia. Alipomfikia, Mboni hakuwa na haja nao. Mkunde hakupiga kelele wala hakumlaumu mumewe. Alimpokea mtoto mikononi, akakaa naye chini njiani palepale, akaanza kumrekebishia nguo shingoni.

Walimzika kwao mlimani. Harusi ikaahirishwa, wakwe wakaja kulia badala ya kula. Nyama ya jike lile hakuna aliyeigusa, na Mhando aliuvunja upinde wake akautia motoni, na ule mdogo aliomchongea Mboni aliuweka juu ya kaburi.

Siku ya tatu akashuka tena nyikani, mikono mitupu. Alikuwa amekumbuka kiwele cha jike lile. Kilikuwa kimejaa. Maana yake jike lilikuwa na mtoto wake mahali fulani, likamwacha amelala, likaja kwa kilio cha mtoto ambaye si wake. Mhando alitaka kumpata mtoto huyo amlee kwa maziwa ya mbuzi. Alitafuta kichaka kwa kichaka asimwone. Ndipo akasimama katikati ya nyika, mwanamume mzima mwenye ndevu, akaanza kuiga kilio cha mtoto wa mbawala. Sauti yake ilikuwa nzito na ilikwaruza. Aliita mpaka ikakauka.

Mtoto wa mbawala alikuwa pale pale, hatua tatu kutoka miguuni pake, amelala kwenye nyasi, shingo imenyooka chini. Alimwona Mhando vizuri. Njaa ilikuwa inamuuma, siku tatu hajanyonya. Lakini alikuwa amemwona mama yake akiinuka kufuata kilio, na mama hakurudi. Alikuwa ameelewa kilio kinafanya nini. Akafunga mdomo wake, akamwacha yule mtu alie peke yake mpaka akaondoka.

Jioni jike jingine lilipita, likamkuta bila kuitwa, likasimama, likamnyonyesha. Na mbawala wakaambiana kwa jinsi wanavyoambiana. Nyika ikanyamaza msimu ule ule. Wanawake mtoni waliinua vichwa wakasikiliza, wakaogopa.

Mhando aliishi miaka mingi baada ya hapo, zaidi ya alivyotaka. Hakuwinda tena. Lakini mtoto yeyote akilia hapa kijijini, awe wa nani, analilia maziwa au amepigwa na mwenzake au anadeka tu, mtu wa kwanza kufika mlangoni alikuwa yeye, anahema, anauliza kuna nini. Wenye nyumba hawakumfukuza wala hawakumcheka. Walimwonyesha mtoto kwamba ni mzima, wakampa maji, naye akarudi zake.

Na tangu siku hiyo mtoto wa mbawala halii. Mama yake humficha kwenye nyasi, humlamba hadi aishiwe harufu, kisha huenda malishoni mbali, na hurudi kwa saa anayoijua mwenyewe. Na tangu siku hiyo watu wa hapa, tukiwa shambani au tunakula au tumo katika maneno makubwa ya wazee, mtoto akilia hatuulizani ni kilio cha namna gani. Anainuka mtu, anakwenda kutazama.