Chungu cha Mama Manka

Weka huo mchanga chini, Anande. Hicho chungu kiache kama kilivyo. Najua ulitaka kunisaidia, na ukichungulia ndani unaona uchafu, lakini njoo ukae hapa na wenzako, nimenye hizi ndizi huku nawaambia kwa nini. Elinami, kunja miguu mwenzako apate pa kukaa.

Niwaambie, nisiwaambie? Haya, mmesema niwaambie.

Ilikuwa kale, kale ile ambayo mlima ukiitwa uliitika, na moto uliombwa kwa jirani. Siku hiyo msichana aliyeitwa Manka alikuwa amepiga magoti uani, anasugua chungu. Anachota mchanga, anatia majivu, anasugua. Anachota mchanga, anatia majivu, anasugua. Kilikuwa chungu cha pombe cha mama yake. Mama mwenyewe alikuwa na siku nane tangu azikwe, pale kwenye migomba, na ameacha watoto wanne, Manka akiwa mkubwa.

Huyo Mama Manka alikuwa mpikaji wa pombe aliyejulikana kilima kizima. Ndizi mbivu alizichemsha mpaka zikawa nyekundu, akatia kimea cha ulezi, akatia magome machungu kidogo tu. Watu waliacha pombe za kwao wakapanda kwake. Sasa amekufa, na Manka machozi yalikuwa yamekwisha, imebaki kazi. Alitaka wageni wa matanga wakute chungu kinang'aa.

Hajamaliza kusugua, shangazi yake akaingia na habari. Wazee wamekaa, wamekubaliana: mwezi mpya ukiandama, matanga yanaanuliwa. Na enzi hizo, wajukuu zangu, mpikaji wa pombe aliagwa kwa pombe yake mwenyewe, ile ya chungu chake. Kata ya kwanza ilimwagwa pale alipolala. Isipomwagwa, hajaagwa. Na kama hajaagwa, mumewe haruhusiwi kula na watoto wake. Anakula peke yake, amewapa mgongo. Kisoka, baba yake Manka, alikuwa amekula hivyo siku nane, na kila jioni yule mtoto wa mwisho alilia akitaka kwenda kukaa kwa baba, anazuiwa.

Shangazi alipomaliza kusema ndipo akaangalia kile Manka alichoshika.

"Manka, mwanangu. Umekisugua?"

"Kilikuwa na utando, shangazi."

"Utando ndio pombe."

Akakaa chini palepale kwenye majivu. Akamweleza kwamba mama yake hakuwahi kukisugua hata siku moja. Alikisuuza kwa maji baridi, akakifunika kwa jani la mgomba, basi. Chachu ilikuwa inaishi kwenye kuta za chungu, nayo alipewa na bibi yake alipoolewa. Manka hakufundishwa. Mama yake alidhani siku zipo.

Manka alipika hata hivyo. Akachemsha ndizi, akasaga kimea, akafunika, akangoja. Ikatoka maji matamu, hayachemki, hayanuki kitu. Baba yake akaonja, akaweka kata chini taratibu. Hakumgombeza. Alisema tu kwamba kesho watoke, waende kwa wapikaji wengine, pengine chachu kama ile ipo mahali.

Wakatoka. Wakapanda mpaka ukingoni mwa msitu, kwa mke wa Msele. Yeye alitia asali kwenye pombe yake, ikawa nyepesi, yenye harufu ya moshi na maua. Akachota, akanywa funda la kwanza mwenyewe, maana ndivyo ilivyokuwa: mpikaji anatangulia, mgeni aone ni salama. Kisha akampa Kisoka. Kisoka akaonja. Akanyamaza. Akashukuru. Akaondoka.

Wakateremka mpaka karibu na tambarare, kwa mama mmoja mnene aliyependa utani. Pombe yake ilikuwa nzito kwa ulezi, inashika kwenye meno. Manka akauliza kwa sauti ndogo kama hii inanywewa au inatafunwa. Yule mama akamsikia, akasema anayetaka nyepesi, mto uko pale. Akatangulia funda lake, akampa Kisoka. Kisoka akaonja. Akanyamaza. Akashukuru. Akaondoka.

Ngojeni niziinjike ndizi. Haya.

Wakafika njia panda ya sokoni, kwa mama aliyetia magome mengi mpaka ulimi ukajikunja. Akatangulia funda lake, akampa Kisoka. Kisoka akaonja. Akanyamaza. Akashukuru. Alipotaka kuondoka, yule mama akamshika mkono.

"Kisoka, unamzungusha mtoto bure. Chachu ya mkeo iko kwa Ndeshi."

"Najua," akasema Kisoka.

Manka akamtazama baba yake. Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza.

Ndeshi alikuwa rafiki wa mama yake. Mwaka wa nzige chungu cha Ndeshi kilipasuka, na Mama Manka akampa machicha ya pombe yake, yenye ile chachu, akaanzie chungu kipya. Alimpa kwa mkono wake. Lakini pombe ya Ndeshi ilipoanza kusifiwa sokoni, kwamba imeipita hata ile ya aliyempa, Mama Manka akaanza kusema ameibiwa. Akalisema mpaka likashika. Ndeshi akahamia ng'ambo ya korongo, mwendo wa nusu siku, na kwa miaka saba hawakusemeshana. Kisoka alikuwa amemsaidia mkewe kuchukia. Kwenda huko kulikuwa kumfanya marehemu mwongo.

Wakavuka korongo. Wakamkuta Ndeshi anamenya ndizi, kama mimi hivi. Alipowaona hakusalimu kwanza. Alinyoosha shingo akatazama njia, nyuma yao, kuona nani mwingine anakuja.

Kisha akaingia ndani akachota. Akatangulia funda lake, akampa Kisoka. Kisoka akaonja. Safari hii hakushukuru. Alikunywa mpaka chini, na kata ilipokwisha aliiacha usoni, amejifunikia macho. Manka akapewa yake. Ladha ilikuwa ile ya nyumbani kwao.

"Amewatuma?" akauliza Ndeshi. "Mwambieni aje mwenyewe. Kila nikipika namwekea kata yake. Nikiona haji, naimwaga."

Hakuna aliyekuwa amempelekea habari ya msiba. Watu walisema hao hawasemeshani, wakampita. Kisoka akaweka kata chini. Aliyesema ni Manka.

"Mama tumemzika."

"Siku gani?"

Manka akamtajia.

"Siku hiyo nilipika," akasema Ndeshi. "Nilimwekea."

Akaingia ndani, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa na kibuyu cha machicha na nguo yake ya safari. Manka alipomweleza alivyokisugua chungu cha mama yake, akauliza kiko wapi.

Wakarudi naye nyumbani, akapika yeye, Manka akiwa pembeni anaangalia kila kitu na kurudia kwa mdomo. Mwezi ukaandama, watu wakaja. Ndeshi akachota kata ya kwanza, akanywa funda lake, akaenda kwenye migomba akaimwaga yote iliyobaki.

"Ulinipa kwa mkono wako," akasema. "Imerudi."

Jioni hiyo, jua bado liko, Kisoka akageuka akawatazama watoto wake, na yule wa mwisho akapanda mapajani pake kabla hajaambiwa. Manka akapakua ndizi na maharage kwenye majani. Akahesabu kama mama yake alivyohesabu: mmoja, wawili, watatu, mimi wa nne, baba, shangazi, Ndeshi. Mkononi likabaki jani moja. Alikuwa amekata kwa mazoea. Akasimama nalo kidogo, kisha akaenda akafunika chungu.

Basi sikieni. Mama Manka alikuwa na pombe mbili, aliyobaki nayo na aliyoitoa. Aliyobaki nayo ilikufa asubuhi moja kwa mchanga. Aliyoitoa, akaijutia, ndiyo aliyoagwa nayo. Ukimpa mtu kitu, umempa, usirudi nyuma kusema umeibiwa. Na kama kuna mtu hamsemeshani, nenda leo, usimwache akuwekee kata.

Machicha ya kibuyu kile yametoka mkono kwa mkono mpaka hapa. Anande, sasa unajua ulitaka kusugua nini.

Kisa nilikiokota kwa bibi yangu, nakitua mbele yenu. Mwenye nguvu akibebe. Ndizi zimeiva. Leteni sahani. Anande, Elinami, Nsia, huyu mdogo aliyesinzia, na mama yenu ndiye huyo anaingia na kuni. Wote mpo. Kuleni.