Pimbi na Banda la Wasiotikisika

Naja na jambo.
— Njoo nalo.
Jambo lenyewe refu.
— Lifupishe njiani.
Na nikijikwaa?
— Tutakungoja.

Basi alikuwako Kiboko, mkubwa, mnene, mwenye mto wake na mwenye banda lake kando ya mto, na kazi ya banda lile ilikuwa mikeka. Wanyama wadogo walisuka ukindu, wakashona mikeka, na Kiboko akampa kila mmoja kibaba cha mtama kwa siku. Ngedere alisuka, Kanga alisuka, Bibi Kobe alisuka, na Pimbi naye alisuka, Pimbi mdogo, mama wa mtoto mmoja tu, Zuwena, ambaye hata macho yake yalikuwa hayajazoea jua.

Mwaka mmoja ukaja ugonjwa wa mafua. Kanga akapiga chafya, Ngedere akapiga chafya, na Kiboko aliposikia chafya ya tatu akazama majini, chubwi, akabakiza matundu ya pua, akasema, "Kila mtu akasukie kwake. Msinikaribie."

Wakaenda kusukia kwao. Pimbi alisukia juu ya jabali, mtoto yuko mgongoni, mtoto analala, mama anasuka, mtoto anaamka, mama ananyonyesha huku anasuka, na jioni anashuka na mkeka wake kichwani. Na mikeka haikupungua, iliongezeka, tena mizuri, maana anayesuka karibu na mwanawe hana haja ya kuinua shingo kila mara kutazama nyumbani.

Mafua yakaisha. Siku moja Kiboko akatoka majini, akaingia bandani peke yake. Akakohoa, na banda likakohoa. Akasema, "Mpo?" na banda likasema po, po, po. Akaona upweke, kweli aliuona, lakini mkubwa huona haya kusema amepwekeka, haoni haya kusema amekasirika, basi akasema amekasirika.

Akawaita wote.

"Kuanzia kesho, bandani. Jua likichomoza mmo, jua likizama ndiyo mtoke. Mimi nitakuwa majini naitazama migongo yenu. Nisiyemwona, hafanyi kazi."

"Na mtoto, Bwana Mkubwa?" Pimbi akauliza.

"Mtoto analia. Kilio kinamkatisha mtu ukindu."

"Ana miezi miwili tu."

"Sisi hapa ni familia moja," akasema Kiboko. "Wa kwako mwache nyumbani."

Pimbi angefanya nini, na baba wa mtoto alikwisha kwenda zake na hapana ajuaye alikokwenda, na kibaba kile ndicho kilichokuwa kinageuka maziwa? Alfajiri akamtia Zuwena kwenye ufa wa jabali, akaziba kwa jiwe, akaacha upenyo wa hewa, akashuka mbio, tapu tapu tapu. Akasuka, akainua shingo. Akasuka, akainua shingo. Maana juu ya jabali alikuwa akizunguka Mwewe, na Mwewe hana kazi nyingine mchana. Jioni akapanda mbio, tapu tapu tapu, akasukuma jiwe, akamhesabu mtoto, mmoja, yupo, akamhesabu tena, mmoja, kana kwamba hesabu ile ingeweza kubadilika.

Siku ya nne Bibi Kobe alichelewa. Alikuwa ametoka kwake usiku uliotangulia, naye kwao mbali, na alipoingia bandani jua lilikuwa utosini.

"Shikamoo Bibi," wakasema wote.

"Marahaba wajukuu zangu. Nipisheni nikae, magoti yamekwisha."

Hakukaa. Kiboko alitoa kichwa majini. "Bibi Kobe, tunakushukuru kwa miaka yote uliyokuwa nasi. Tunapunguza mikono. Tunakutakia kila la heri huko uendako."

"Nimetoka huko sasa hivi," akasema Bibi Kobe, "na unanirudisha kabla sijakaa?"

Akageuka, na ilimchukua muda mrefu kugeuka, na muda wote ule hapana aliyeinua macho, kila mtu akitazama ukindu wake, hata Ngedere ambaye humcheka kila anayepita. Kisha Kiboko akasema, "Siku ya gulio tutapunguza mwingine. Nitamtazama anayeinuka-inuka."

Jioni ile Pimbi akapanda jabali, na kabla hajafika akaona unyoya. Unyoya wa kahawia, umelala juu ya jiwe lake, na jiwe lina mikwaruzo mitatu mipya. Akalisukuma, likagoma, akalisukuma tena. Zuwena alikuwamo, ameloa machozi, amelia mpaka sauti imemkauka. Pimbi akamkumbatia, akasema maneno mengi yasiyo na maana, na katikati ya maneno yale likaja moja lenye maana: Kiboko anatazama mgongo. Hatazami kitu kingine ila mgongo.

Basi akafunga bunda la ukindu, kimo chake yeye. Akalivika kipande cha mkeka mkuukuu wenye rangi kama manyoya yake. Juu akatia kibuyu kidogo, kimeinamisha shingo kama mtu aliyezama kazini. Kabla ya alfajiri akaliketisha mahali pake bandani, akarudi juu kwa mwanawe. Akasuka mchana kutwa, mtoto mgongoni, Mwewe anazunguka na kwenda zake, na kule bandani hapana aliyethubutu kugeuza shingo kumtazama mwenzake. Jioni akashuka na mkeka, akapenya nyuma ya banda, akaliondoa bunda, akaketi, kisha akainuka polepole mbele ya macho ya Kiboko, akajinyoosha, kwi kwi kwi, kama aliyeshikwa na mgongo.

"Mtazameni Pimbi," akasema Kiboko. "Hakuinuka hata mara moja. Pimbi, hukusikia kiu?"

"Sikusikia, Bwana Mkubwa."

"Wala njaa?"

Sasa hapo angenyamaza. Lakini Pimbi alikuwa na hofu, na hofu yake ikishapata mdomo haijui kufunga, maneno yakamtoka mbio mbio, "Njaa itoke wapi Bwana Mkubwa, mtu asiyetikisika hana njaa, njaa ni ya wanaoinuka-inuka, mimi nikikaa hivi hata siku saba sitaki kitu."

Masikio ya Kiboko yakacheza, tiki, tiki. Akatazama ghala la mtama.

Asubuhi ya pili likatoka tangazo. Kila mtu awe kama Pimbi. Asiinuke, asinywe, asijikune. Na kwa kuwa asiyetikisika hana njaa, kibaba hakitatolewa tena. Atakayetikisika ndiye atakayepunguzwa.

Ngedere alimngoja Pimbi njiani. Hakuwa na mzaha siku hiyo.

"Dada Pimbi, wewe umesema hayo?"

"Nimesema."

"Una wazimu? Tutakula nini? Na mimi nina mkia, nitauambia nini mkia usitikisike?"

Pimbi alikuwa analia. "Niliogopa, kaka yangu. Nimewakosea. Njoo, nikuonyeshe mgongo wangu."

Akampeleka nyuma ya banda. Ngedere akalitazama bunda, akalizunguka, akagonga kibuyu, ko ko ko. "Huyu ndiye mfanyakazi bora?"

"Ndiye huyo."

"Amekushinda kwa sura," akasema Ngedere, na huo ukawa mzaha wake wa kwanza tangu warudishwe bandani.

Wakafunga mabunda. Ngedere akafunga lake, na mkia wa kamba. Kanga akafunga lake, akalitia madoa kwa chokaa. Wengine wakafunga yao. Kila bunda likawekwa mahali pake, na wenyewe wakapanda jabalini kwa Pimbi, wakala matunda mwitu, wakasuka pamoja, mmoja akisuka mwingine akimbeba Zuwena. "Mikeka isishuke," Pimbi akawaambia. "Isishuke hata mmoja mpaka kibaba kirudi."

Kiboko hakuuliza mikeka. Kila asubuhi aliitazama migongo, imenyooka, imetulia, akasema, "Kazi inaendelea, naiona." Kisha akaingia ghalani. Akala mtama, kafu kafu kafu. Akatoka, akaitazama migongo, akarudi ghalani. Kafu kafu kafu. Hata siku ya gulio hakupunguza mtu, maana alitafuta aliyetikisika akamkosa.

Siku ya tisa tangu kibaba kikatwe akaja Mzee Tembo kuchukua mikeka arobaini ya harusi ya binti yake, kama walivyoagana.

"Karibu Mzee," akasema Kiboko. "Kwanza ukawaone vijana wangu. Hujapata kuona nidhamu kama hii."

Tembo akaingia bandani. "Hamjambo?" akasema. Kimya. "Hamjambo nyote?" Kimya.

"Wamezama kazini," Kiboko akanong'ona.

Tembo akanyoosha mkonga, akamgusa kidogo begani aliye karibu. Kichwa kikaanguka, koro koro koro, kikapita kati ya miguu ya Kiboko, kikaingia mtoni, chubwi, kikaelea kwenda zake. Tembo akamgusa wa pili. Koro koro koro, chubwi.

Kiboko akabaki kinywa wazi, na kinywa cha kiboko kikiwa wazi kila mtu anakiona.

"Mwanangu anaolewa keshokutwa," Tembo akasema taratibu. "Wageni wangu nitawakalisha juu ya vibuyu?"

Kisha akainua mkonga, akanusa. Ukindu mbichi, kutoka upande wa jabali.

Kiboko akaenda, na mchana ulikuwa mkali, na ngozi yake haijui jua. Alipofika chini ya jabali mgongo ulikuwa umepasuka kama tope la kiangazi. Akainua macho. Kule juu walikuwa wamekaa wote, na mikeka imekunjwa safu kwa safu.

"Pimbi, nishushie mikeka yangu."

"Sikuoni, Bwana Mkubwa," akasema Pimbi. Aliogopa bado, lakini alisema. "Sogea hapo peupe."

Akasogea.

"Sasa nakuona. Mikeka arobaini ipo. Itashuka ukitoa vibaba vya siku zote tisa. Na kabla ya hapo uende mwenyewe kwa miguu yako ukamlete Bibi Kobe, umbebe mgongoni, na njiani umwombe radhi, kwa kuwa njia ni ndefu na muda utakutosha. Na tangu leo tutasukia hapa. Ukindu na mtama uvilete wewe, kila alfajiri."

"Nami nitakaa wapi?"

"Hapo hapo ulipo. Tukuone."

Wakacheka, na Kanga akacheka mpaka akapiga chafya, na Kiboko hakukimbia. Alisimama. Akasema, chini chini, "Bandani kulikuwa kimya mno." Pimbi akamsikia. Akamrushia mkeka mkuukuu uliolowekwa maji, ajifunike mgongo.

Mtama ukaletwa, mikeka ikashuka, harusi ikawa, Bibi Kobe akarudi juu ya mgongo mpana akitoa maelekezo njia nzima. Na tangu siku ile kila alfajiri Kiboko aliwahi, akatua mzigo, akasimama chini ya jabali kutwa, mkubwa, mweusi, anaonekana toka mbali. Mwewe akaja, akamwona. Akazunguka mara moja, akamwona bado yupo. Akaenda kutafuta jabali jingine, na Zuwena akajifunza kutambaa juani.

Fundisho, watoto, maana ngano lazima iwe na fundisho na wakubwa nao wanasikiliza: amri ya kuwahi kazini ni amri njema. Ondoka alfajiri, simama unapoambiwa, usitikisike, uonekane. Mtazameni Kiboko. Alipokuwa haonekani hakufaa kitu, na alipoanza kuonekana, mtoto wa watu akakua.

Nami nimefika, natua.
— Tua, tumepokea.
Mkiulizwa nani kawasimulia?
— Hatukumwona.