Popo Aliyeutafuta Mvule Mlimani

Ngano inakuja!

Na ije, tumeketi kuisikia.

Hapo zamani za kale, Popo na mkewe waliishi bondeni, kwenye mti wa mvule. Mvule ukizaa, wanakula. Usipozaa, wanasubiri.

Kima aliutamani sana mti ule. Siku moja akamwambia Popo, "Ndugu yangu, unahangaika nini na kimvule hiki? Kule mlimani mivule ni mikubwa, matunda yanaoza chini."

"Mbona sijasikia?"

"Utasikiaje, nawe hujafika?"

Popo akaona neno hilo lina maana. Akamchukua mkewe, wakaruka, wakaruka, wakafika.

Akauona mti mrefu. "Wewe ni mvule?"

"Mimi mtarakwa."

Akaenda kwa mwingine. "Wewe ni mvule?"

"Mimi mpodo."

Akaenda kwa wa tatu. "Basi wewe ndiye mvule."

"Mimi mwanzi. Hata si mti."

Popo akachanganyikiwa. Alikuwa ananing'inia kichwa chini, akadhani labda anaitazama miti vibaya. Akajigeuza kichwa juu, akaanguka pu! Miti ikawa ileile.

Baridi ikawatafuna. Njaa ikauma. Mkewe akadhoofu hata kuruka hawezi.

"Mume wangu, mivule hiyo uliiona, au uliambiwa?"

"Niliambiwa," Popo akasema, "lakini aliyeniambia ni rafiki." Akayasikia maneno yake mwenyewe, akazidi kuchanganyikiwa.

Akaenda mwambani kwa Bi Pimbi.

"Shikamoo, shangazi. Mivule ya huku iko wapi?"

"Marahaba. Mwanangu, mimi nimezaliwa huku, mti huo sijauona. Mvule hupenda joto. Mahali baridi inapoanza, wenyewe hukomea hapo. Nani kakuleta?"

"Kima."

"Na mtini mwako sasa yumo nani?"

Popo akarudi kwa mkewe, akambeba kifuani, akashuka naye bondeni, akipumzika kila penye tawi.

Wakamkuta Kima juu ya mvule. Kwa pupa alikuwa amekula matunda mabichi, utomvu ukamgandisha midomo.

"Ndugu yangu," Popo akauliza, "ile mivule mikubwa iko upande gani?"

"Mmm."

"Kulia au kushoto?"

"Mmm."

Kima akateremka kwa aibu, akaishia vichakani. Mke wa Popo akapata tunda bivu, akala, nguvu zikamrudia.

Basi mwenzangu, usihame kwa neno la anayetaka mahali pako. Kwanza muulize mwenyeji wa huko uendako.

Ngano yangu imekomea hapo. Aliyesikia aende nayo, aliyesinzia amuulize jirani.