Tope Lirudi Lilikotoka

Enyi watu wa Ivunde, mliokuja kwenye sherehe hii ya mazingira na viatu vilivyopigwa rangi, tulieni niwape habari za zama ambazo bonde hili lilikuwa makao ya vumbi na nyoka. Katika zama hizo, katika ukoo wa wahunzi, Sempombe alimzaa Mghanga, Mghanga akamzaa Namkunda: Namkunda Mbeba Majabali, Namkunda Jembe Lisilopinda, mwanamke ambaye jembe alilofuliwa na baba yake lilibebwa na wanaume wawili, naye akilishika kama mwiko.

Ndiye aliyewaongoza mababu zenu hapa walipokuwa wakikimbia ukame. Aling'oa mawe kwa mikono yake, akajenga ukuta wa kukinga kijito kishukacho kutoka msituni, maji yakajikusanya yakawa ndiva, bwawa lile lile linalowanywesha na kumwagilia migomba yenu mpaka leo. Kisha akapuliza baragumu, akatangaza msaragambo, kazi ya wote, kwamba kila mwaka kabla ya mvua kila nyumba itoe mtu wa kuzoa tope.

Mwaka wa kwanza walikuja wote. Mwaka wa pili walikuja nusu, maana waliona mwanamke huyu peke yake anazoa kuliko watu arobaini. Mwaka wa tatu walikuja na ngoma! Walikaa ukingoni, wakavu kama kuni, wakamwimbia. Kiongozi wao alikuwa Mrindoko, mtunga nyimbo, mdogo wake Namkunda wa tumbo moja, na wimbo wake ulikuwa mtamu hata Namkunda mwenyewe, siwafichi, akaupenda. Alizoa tope huku akitabasamu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini hapa walioharibu tembo ni wale wale waliosifu.

Kwa maana kila mwaka tope liliongezeka. Lilimfika magotini, likamfika kiunoni, na alipoota mvi likamfika kifuani. Mgongo ulimuuma asimwambie mtu. Ukuta ulianza kutoa nyufa, naye alijua kwamba siku ukivunjika, mji wote utasombwa pamoja na watoto wake. Basi asubuhi moja akaliweka jembe chini, akakifuata kijito kwenda juu, aone tope hilo linazaliwa wapi.

Aliusikia wimbo wake kabla hajawaona watu. Walikuwa kule kwenye chimbuko la maji, watu wake mwenyewe, wake kwa waume, wakiufyeka msitu ili wapanue mashamba ya maharage, na wimbo wa kumsifu yeye ndio uliokuwa ukiyapa mashoka mdundo. Mbele yao wote alikuwa Mrindoko.

Wala hakuona haya. "Dada, mbona unatutolea macho?" alisema, akijifuta jasho. "Tope si unalitoa wewe? Wewe umejaliwa nguvu, sisi tumejaliwa njaa."

Hasira ilimpanda Namkunda. Miaka thelathini! Miaka thelathini mgongo wake ulikuwa ukisafisha uchafu wa midomo iliyomsifu. Akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Kuanzia leo sizoi."

Mvua za vuli zikaja, zikapita, na ndiva ikabaki uji wa tope usiofaa hata kunywesha kuku. Ndipo wakamjia na mtamba na wimbo mpya. Namkunda akasimama juu ya ukuta akatamka:

"Mtamba arudi zizini. Wimbo umezeni. Tope lirudi lilikotoka, na kila mtu alibebe kwa kichwa chake. Na asiye na tope miguuni asifungue kinywa katika mkusanyiko wa mji huu, awe mzee, awe mtunga nyimbo."

Wakabeba. Miaka mitatu walipanda mlima na vikapu vya tope, Mrindoko naye shingo ikimpinda, na katika tope hilo wakapanda miche. Namkunda aliwapeleka watoto kileleni, akawaamuru wamwage maji kwenye udongo mtupu na kwenye udongo wenye majani, wajionee wenyewe yapi yalishuka mekundu na yapi yalishuka safi. Hakuwaeleza zaidi ya hapo.

Siku ya kikapu cha mwisho mji ulijipamba. Namkunda alikitwaa mwenyewe, akapanda peke yake, wala hakurudi. Walimtafuta, wakaona nyayo za tope zikipanda hadi kwenye miche, na hakuna unyayo hata mmoja ulioshuka. Mrindoko akafungua kinywa amlilie dada yake. Akaitazama miguu yake. Alikuwa ameiosha kwa ajili ya sherehe. Akakifunga kinywa, akaingia ndivani na nguo zake nzuri, akazama hadi magotini, na akiwa humo ndipo alipomlilia.

Tangu siku hiyo maombolezo ya Ivunde huimbwa tukiwa tumekanyaga tope, na mjukuu asiyepandisha kikapu kimoja hahesabiwi kuwa wa hapa.

Sasa mmeniita nimsifu Namkunda. Mmeichora sura yake kwenye kitambaa kikubwa, mkakifunga pale nguzoni, na ndiva nyuma yenu ina tope la kiunoni, na asubuhi hii nimesikia mashoka kule juu. Hamna haya? Nimeitazama miguu yenu, safu ya kwanza hadi ya mwisho.

Wimbo wake mnaujua. Mwenye tope miguuni na auanzishe. Yangu hii hapa. Nani mwingine?