Fandesheni ya Mzazi

Wewe uliye na mzazi aliyejifungua juzi ndani ya nyumba, isome hii kwanza, ndipo uende ukamkorogee uji.

Palikuwa na binti mmoja, Mwanaidi, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Mgeni. Kwa desturi ya kwao, uzazi wa kwanza mwanamke huenda kwa mama yake, lakini Bi Mgeni alishika kiuno akasema mjukuu wake hazaliwi kwa watu. "Mzazi nitamtunza mwenyewe, na arobaini watu waje waone!" Mume wa Mwanaidi, Sefu, dereva wa lori, alikuwa safarini, akajibu kwa simu, "Mama akishasema, ndiyo hivyo."

Basi Bi Mgeni alimtunza kweli, tusimsingizie. Alimkanda kwa maji ya moto, akamkorogea uji wa pilipili manga, akamchinjia jogoo. Lakini damu ya uzazi, ambayo ilitakiwa ipungue, haikupungua. Mwanaidi akiinama kumchukua mtoto nyumba inazunguka, akisimama masikio yanapiga ngoma, akitoka uani na kurudi anatweta kama aliyebeba gunia la mkaa. Akaanza kutamani udongo, akawa anabandua ukuta wa jiko kwa kucha, anakula, anajifuta mdomo haraka. Aliogopa kufa amwache mtoto. Na aliogopa kusema, maana kusema unaumwa ndani ya nyumba ya mkwe ni kama kusema hukutunzwa.

Tumaini lake lilikuwa moja tu. Mama yake mzazi, aliyeishi Pangani, alikuwa ameahidi kupiga simu ya video. "Mama akiniona uso tu, atajua," alijiambia. "Sitasema neno. Ataniona, atakuja kunichukua."

Bi Mgeni naye aliuona uso ule, naye akaogopa la kwake. Uso wa mzazi ndio unaoisema nyumba. Mzazi akitoka arobaini amenawiri, ni vigelegele. Akitoka amesawijika, watu wanakula pilau yako na kuondoka wakinong'ona. Asubuhi moja akaingia chumbani na kichupa cha kioo, kile cha kubonyeza mpira juu kitone kidondoke.

"Njoo tujaribu, mwanangu. Hii siyo ile fandesheni nzito ya maharusi inayokaa usoni kama plasta. Hii ni seramu, nyepesi kama maji, ya kupaka kila siku. Mimi mwenyewe napaka, na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu."

Akamdondoshea kwenye taya, akapapasa kwa kidole. Kikakaa pale kama kiraka cha ngozi ya mtu mwingine, maji ya kunde yenye uhai, na pembeni yake kote rangi ya jivu.

"Mama, hii siyo rangi yangu," Mwanaidi akasema. "Imezidi."

"Siyo yako vipi? Nimekwenda dukani na picha yako ya harusi, muuzaji kalinganisha mbele ya macho yangu. Hiyo ndiyo rangi yako."

Wakatazamana kwenye kioo. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Rangi ya mtu mwenyewe imemkataa, picha ipo, kioo kipo, wanawake wawili wenye macho yao wapo. Bi Mgeni akakibonyeza tena kile kichupa, akasema, "Tuishushe mpaka shingoni, itashika."

Ikashika. Nzuri ilikuwa nzuri, lazima isemwe. Huioni kama imepakwa, ngozi inang'aa kama ya mtu aliyelala akashiba usingizi. Mwanaidi alijigusa shavu akamwonea wivu yule wa kwenye kioo. Kesho yake akapaka tena, na keshokutwa.

Siku mama yake alipopiga, Mwanaidi alikuwa ndio kwanza ametoka kuoga, uso mtupu. Bi Mgeni akaizuia simu kwa kiganja. "Utaongea na mama yako na uso huo? Atasemaje juu yangu? Paka kwanza." Akapaka, na Bi Mgeni akaipokea simu akaishika mwenyewe.

"Ehee! Ndiye mwanangu huyu?" mama akapiga kigelegele huko huko Pangani. "Jamani, umenawiri mpaka umenitisha! Bi Mgeni, dada yangu, umenitunzia!"

"Si nilikwambia? Ulidhani namlaza njaa?"

"Niwie radhi. Roho ilikuwa haitulii, nimeshafunga mizigo, nilitaka nije kesho."

"Njoo, mama," Mwanaidi akasema. Alisema akitabasamu, maana Bi Mgeni alikuwa anamtazama.

"Nije kufanya nini kwa uso huo, nikuletee husuda? Nitakuja arobaini, nije kucheza. Acha nivune muhogo wangu kwanza." Akacheka, akakata simu, akaifungua mizigo.

Wakampeleka mtoto kliniki. Nesi, foleni ikiwa imemzidi, akampima mtoto, akamtupia mama jicho. "Wewe hujambo, unaonekana tu. Anayefuata!"

Arobaini ilipokaribia, Mwanaidi alianguka uani, ndoo ikamwagika juu yake. Hospitali daktari hakushughulika na uso. Alimgeuza kiganja, akamvuta kope ya chini, akaona weupe mtupu. "Mlikuwa wapi?" akauliza. "Mlikuwa mnatazama nini siku zote hizi?"

Mama akafika kutoka Pangani, kanga imemwanguka mabegani, akauona uso wa mwanawe uliooshwa na maji ya ndoo na rangi iliyobaki shingoni, hata salamu hakutoa. "Umeniulia mwanangu!"

"Si ulimwona mwenyewe ukapiga vigelegele?"

"Niliuona uso uliopaka wewe!"

"Nyamazeni!" nesi wa wodi akawakata. "Anahitaji damu sasa hivi. Nani anatoa?"

Mama akanyoosha mkono, lakini Bi Mgeni akampita. "Mimi ndiye niliyekosa. Anzeni na mimi, nikamueni hata yote."

Nesi akamchoma kidole, akaenda na lile tone, akarudi amekunja uso. Akamvuta kope, yeye naye. "Bi mkubwa, damu ya kumpa mtu unaitoa wapi? Wewe mwenyewe ni wa kulazwa. Umeanza lini kuumwa?"

Bi Mgeni akaketi kwenye benchi. "Siku zangu zikija hazikatiki," akasema polepole. "Mwaka wa tatu sasa. Nikadhani ndio utu uzima."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani? Kila mtu ananiambia nimependeza."

Mama ndiye aliyetoa damu, na mwanawe akanusurika. Wakalazwa vitanda viwili vilivyopakana, mkwe na mkwewe, na jioni majirani wakaingia na chupa zao za uji. Wakamkuta Mwanaidi uso mtupu umepauka, wakalia. Wakamgeukia Bi Mgeni, ambaye alikuwa bado hajanawa uso tangu asubuhi.

"Na wewe Bi Mgeni umejilaza hapo, unadekea nini? Mbona unang'aa?"

Mwanaidi akajiinua kwa kiwiko, mpira wa damu ukining'inia. "Mama anaumwa," akasema. "Anaumwa kuliko mimi. Muulizeni."

Majirani wakatazamana. Mmoja akarekebisha mtandio wake, akainama juu ya mtoto, akauliza, "Na huyu, ananyonya vizuri?"

Funzo: Kumwambia mwanamke "umependeza" siyo kumjulia hali, funga mlango, mshike kiganja, muulize anaumwa wapi, na usiondoke mpaka akujibu.